Fahali Mweusi Kwenye TV ya Ubaruku

Paskalina Kalinga alikuwa na uso wa mtu anayesikiliza mahubiri, na uso huo ndio uliowaponza wengi. Ukimtazama, usingedhani kwamba mama huyu wa Kihehe, mwimba sauti ya pili kwenye kwaya ya Kilutheri na fundi wa TV hapa Ubaruku, jirani na mashine za kukoboa mpunga, ana utundu wa kumzungusha mtu mzima mpaka mwenyewe ashukuru.

Utundu huo aliuhitaji siku mzee Budeba alipoingia dukani kwake akiwa amebeba TV kubwa, inchi hamsini, imefungwa kwenye shuka la kitandani.

"Mwadila, fundi," alisalimu kwa Kisukuma. "Hii TV inanitukania ng'ombe."

TV ilikuwa nzima. Kilichomuudhi mzee ni video ya fahali wake Treni, ambaye binti yake Roza alimrekodi kwa simu akirudi zizini jioni, siku chache kabla hajaumwa na nyoka na kufa. Treni alikuwa mweusi tii. Kwenye TV alitokea rangi ya majivu.

"Wageni wananiuliza kama alikuwa anaumwa," Budeba alisema. "Ng'ombe kama yule!"

Paskalina akamweleza kwamba nyuma ya kioo kuna taa, na taa hizo huwaka zote kwa pamoja wakati wote. Hata picha inapotaka giza, mwanga unapenya kidogo, ndiyo maana cheusi hakiwi cheusi.

"Basi zima zile zilizo nyuma ya ng'ombe," Budeba alisema, kama mtu anayeagiza taa ya jikoni izimwe, akaondoka.

Paskalina alicheka peke yake. Kisha akaacha kucheka. TV za bei mbaya zilikuwa zikifanya jambo hilo hilo. Taa zao zimegawanywa vipande, na kila kipande kinapunguzwa au kuongezwa kufuata picha. Zingine zina karatasi ya kwantamu doti, yenye chembe ndogo mno zinazopokea mwanga wa bluu na kuutoa ukiwa mwekundu na wa kijani safi, rangi zikakolea.

Alijua karatasi hiyo ilipo. Ilikuwa Iringa mjini, kwa shemeji yake Boniface, ndani ya TV iliyopasuka kioo. Boniface ndiye aliyemfundisha ufundi, na kila Paskalina alipouliza kama TV inaweza kuboreshwa, alimjibu kwamba iko vile ilivyotoka kiwandani, afute vumbi.

Akapanda basi.

"Kamwene, shemeji," alimsalimu kwa Kihehe. "Naomba hiyo karatasi ya ndani. Nataka kufunikia kitalu cha vitunguu."

"Kitunguu kitajua nini?" Boniface alicheka.

"Na hizo taa za bluu nazo. Vifaranga wangu wanapata baridi."

Boniface alimfungia vyote kwenye gazeti, akamwongezea na waya, akimhurumia moyoni kwamba ameacha ufundi akaingia kwenye kilimo.

Kazi haikwenda kama alivyodhani. Mara ya kwanza aliweka karatasi juu ya taa nyeupe za zamani, na kila mtu kwenye taarifa ya habari akawa manjano kama mgonjwa wa ini. Akazing'oa, akafunga zile za bluu. Kisha akazigawa vipande ishirini na vinne, kila kimoja na waya zake, vyote vikiongozwa na bodi ndogo aliyoiandikia maelekezo kwa kufuata masomo ya kwenye simu. Kazi hiyo ilimla miezi mitano. Budeba alipopita kuulizia, aliambiwa kwa uso ule wa mahubiri kwamba weusi haujafika, bado uko njiani.

Siku ya kumwonyesha, walifunga mapazia mchana nyumbani kwa Budeba. Mkewe Ng'washi alikaa mbele kabisa. Bahati mbaya au nzuri, Boniface alikuwa amekuja Ubaruku kuchukua mchele, akafuatana nao.

Treni akatokea. Alikuwa mweusi kama sufuria ya kuni, vumbi jekundu likitimka kwato kwa kwato, majani ya mpunga nyuma yake yakiwa ya kijani hasa. Lakini pembe zake zilikuwa nyeupe, na taa za kipande kile zilipowaka kuzifuata, mwanga ulivuka mipaka ya pembe.

"Mbona ana mwanga kichwani kama mtakatifu?" Ng'washi aliuliza.

"Mlisema wenyewe alikuwa mpole," Paskalina alijibu, hata ukope haukutikisika.

Treni alipogeuka ghafla, mwanga ulichelewa, ukabaki hewani pale pembe zilipokuwa, kisha ukamkimbilia. Ng'washi akacheka mpaka akashika mbavu. Budeba hakucheka. Alisogea mpaka karibu na kioo, akamtazama fahali wake, akasema polepole, "Ndiye. Huyu ndiye."

Boniface alikuwa amekwishapiga magoti nyuma ya TV, tochi ya simu mkononi.

"Paskalina. Hizi ni taa zangu."

"Ndizo, shemeji."

"Na vifaranga?"

"Sina vifaranga."

Alinuna kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai. Kisha akauliza bodi inasoma picha mara ngapi kwa sekunde, na Paskalina alipomjibu, akatikisa kichwa: ni chache mno, ndiyo maana mwanga unachelewa. Hakurudi Iringa siku ile. Waliirudisha TV dukani wakakaa siku mbili, yeye akishika kalamu, Paskalina akishika chuma cha kulehemu, wakibishana kila waya. Mwanga ukaacha kuchelewa. Duara la kichwani lilipungua, halikuisha.

Walitaka kuendelea mpaka liishe kabisa, ila Ng'washi alikuja mwenyewe kuichukua TV.

"Liacheni," alisema. "Watoto wa kanisani wameshaanza kuja nyumbani kumuulizia fahali mtakatifu."