Uzi wa Bunduki ya Kale

Siku ile ukumbini mwetu tulikuwa watu watano, na wote nawakumbuka kwa majina, na majina ya mama zao pia. Siyatii hapa, kwa kuwa wajukuu zao bado wako Mji wa Kale, hapa Mombasa, na sikuwaomba ruhusa. Nitasema tu nani alikuwa nani. Alikuwako bavyaa wangu, baba wa mume wangu, fundi wa bunduki. Alikuwako tajiri wake, mwenye duka la silaha, Muhindi Mwislamu mzaliwa wa kisiwani. Babake na babake bavyaa walisoma chuo kimoja cha Kurani. Na alikuwako mzee wa Kiduruma aliyembebea tajiri bunduki porini, na kabla yake alimbebea babake. Hao watatu waliketi kwenye jamvi. Nyuma ya pazia tulikuwa wawili, mavyaa wangu, mkewe bavyaa, na mimi, bi arusi wa miezi mitatu. Mume wangu alikuwa kazini bandarini, ingawa mpaka anakufa alikihadithia kisa hiki kana kwamba alikuwako.

Ilikuwa Jumapili baada ya alasiri, miaka ile vita vimekwisha na vitu vipya vimeanza tena kushuka melini. Duka limefungwa. Tajiri alizileta bunduki mbili nyumbani kwetu, zimefungwa ndani ya gunia, maana duka lilikuwa nyumba ya tatu kutoka kwetu na hakutaka watu wa njiani wamwone. Moja ilikuwa ya marehemu babake. Ya pili ilikuwa mpya, imefika mwezi ule. Leseni yake ilimruhusu kuweka moja tu, na asubuhi ya Jumatatu lori lingemngoja Makupa kumpeleka Taru, ambako alikuwa na shamba na nyati wakimharibia. Alitaka bavyaa amwambie achukue ipi.

Hapo lazima nieleze desturi moja, bila hiyo hamtaelewa. Bunduki zile zilikuwa za komeo. Nyuma ya mtutu pana chuma kama komeo la mlango, lina mpini. Ukiuinua na kuuvuta, ganda la risasi latoka. Ukisukuma mbele, risasi nyengine yaingia. Ukilichomoa komeo lote, bunduki ni fimbo tu. Basi pale dukani bunduki zikilala na minyororo, na makomeo yake yakilala kwetu. Kila magharibi bavyaa akirudi na makomeo ya siku ile ndani ya kikapu cha ukili, kila moja limefungwa kitambaa, na kikapu chaenda chini ya kitanda chake. Mwizi akivunja duka, apata fimbo.

Kila komeo lilichapwa nambari, na kila bunduki ilichapwa nambari, na nambari lazima zioane. Hizo ndizo zilizokuwa zikisomwa asubuhi kabla ya makomeo kurudishwa. Lakini bavyaa alikuwa haziwezi tena. Macho yake yalianza kuingia ukungu tangu Ramadhani iliyopita. Mtutu aliupima kwa dole gumba, tupa aliijua kwa sauti, ila nambari ndogo kama punje za ufuta hazisomeki kwa kidole, zimekwisha kulainika. Jambo hili tulilijua mimi na mavyaa peke yetu. Mavyaa aliniambia siku moja tukichambua mchele, kwamba tajiri akijua, meza ya ufundi itapewa mtu mwengine, na mzee wetu hakujua kazi nyengine tangu alipotahiriwa. Akaniambia pia niwe nikimwekea kikombe upande wa kulia, asikitafute mbele ya wageni.

Dawa aliyoipata bavyaa ilikuwa nyuzi. Kila komeo alilifunga uzi mpinini, na uzi wa rangi ile ile aliufunga kwenye kifyatuo cha bunduki yake. Zile mbili za tajiri, ya kale ilikuwa na uzi mwekundu na mpya uzi mweupe. Rangi alikuwa angali aziona.

Na sasa ubaya wangu. Asubuhi ile ya Jumapili mavyaa alinituma nikifagie chumba chao. Nikakikuta kikapu, yale mawili ya tajiri yako juu, nikafungua vitambaa vyake, nikaona nyuzi zimelowa mafuta hata zote mbili zakaribia weusi. Nikasema, hebu nimfurahishe mzee, maana bi arusi apenda kuonekana ana mkono wa kazi. Nikazikata zile nyuzi, nikayapangusa makomeo mpaka yang'are, nikafunga nyuzi mpya, nyekundu na nyeupe, zenye rangi ya kuonekana kutoka mlangoni. Rangi nilizikumbuka. Komeo la uzi mwekundu lilikuwa upande wa kulia au wa kushoto, nilidhani nimekumbuka.

Mtauliza vipi makomeo yasijulikane kwa macho, la kale na jipya. Makomeo yale yalitoka ukoo mmoja, mpya imefanywa kwa mfano wa ile ya kale. Ya kale zamani mpini wake ulikuwa umenyooka, ukinasa kwenye vichaka, na bavyaa mwenyewe aliupasha makaa akaukunja. Kwa hiyo mpya ilipofika, mpini wake ulifanana na huo kama watoto pacha.

Basi wakaketi. Tukapitisha kahawa na kaimati chini ya pazia. Bavyaa akatia makomeo kwa kufuata nyuzi, bila kuyachezesha, akaziweka bunduki mbili juu ya jamvi, na mazungumzo yakaanza. Nilisikiliza kwa hamu, kwani nilikotoka watu walizungumza bei za nazi tu.

Tajiri aliisifu mpya. Ni nyepesi, mtutu mfupi, kifyatuo chavutwa mara moja kikaachia, si kama cha ile nyengine chenye kuvutwa mara mbili, kwanza ulegevu halafu uzito. Na juu yake imetobolewa mashimo tayari ya kufungia darubini. Bavyaa akasema yote kweli. Lakini akamwambia apitishe kidole chini, kwenye kifuniko cha sanduku la risasi, aone kuwa ni bati lililochapwa, na ya kale ni chuma kilichochongwa kutoka kwenye pande zima. Mbao zake pia, akasema, hizi mpya zimekaushwa haraka, Mombasa hapa mvua mbili zitazipinda ziuguse mtutu, na shabaha itahama. Hii si mbaya, akasema, ila imefanywa na watu wenye haraka. Tajiri akacheka, akamwambia kila mtu sasa ana haraka, hata nyati.

Yule mzee wa Kiduruma aliinyanyua ile ya kale, aliyoibeba miaka ishirini, akaishika kama mtu ashikavyo mkono wa nduguye. Akainua mpini, akavuta, akasukuma. Akarudia tena, polepole. Kisha akasema:

"Hili si lake."

Tajiri akamwambia, "Mzee, wewe waonea ngoa bunduki mpya, wivu tu. Tangu ilipofika hukuiangalia vizuri."

"Sioni ngoa, bwana. Hili lakwaruza. La baba yako lilikuwa likipita kama ulimi."

Bavyaa akasema ni mafuta, kitambaa kilikuwa na vumbi. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, lakini mavyaa pale kando yangu aliushika mkono wangu akaufinya. Na mimi hapo ndipo nikakumbuka asubuhi, kikapu, kulia na kushoto.

Nilijua maana yake, kwa kuwa bavyaa alikuwa akituhadithia mezani. Komeo likiwa si la mtutu wake, laweza kufunga vizuri kwa macho lakini risasi isikae sawasawa; ganda likipasuka, moto warudi nyuma, usoni mwa mpigaji. Na mpigaji kesho Taru ni tajiri.

Tajiri akasema jambo jepesi, hakuna haja ya kubishana, nambari zisomwe. Akamnyoshea bavyaa bunduki. Bavyaa akachomoa komeo, akaligeuza kwenye mwanga wa dirisha, akataja nambari. Aliitaja sawa kabisa, nambari ya ile ya kale, maana alizijua zote kwa moyo. Hakuisoma. Mimi nilikuwa naiona sura yake kwenye upenyo wa pazia, na macho yake yalikuwa yanaangalia ukutani.

Bi arusi hasemi mbele ya bavyaa wake, sembuse mbele ya wanaume wa nje. Nilimnong'oneza mavyaa. Mavyaa alikuwa ana siri ya mumewe upande huu na uso wa tajiri wa kuungua upande ule, na sijui mwengine angefanya nini. Kisha yeye mwenyewe akapaza sauti nyuma ya pazia, akasema, "Baba fulani, mtoto asema nyuzi alizibadilisha yeye asubuhi. Hana hakika."

Tajiri akalichukua komeo. Akaliweka mbali, akaliweka karibu, akalipeleka dirishani. Miwani yake, akasema, ameiacha dukani. Mzee wa Kiduruma hakusoma skuli. Ndio hapo, watu watatu waliozijua bunduki kuliko mtu yeyote kisiwani, na hakuna wa kusoma tarakimu nne.

Mimi skuli niliingia mwaka na nusu, nikatolewa mdogo wangu alipozaliwa. Lakini tarakimu nilizijua. Mavyaa akanisukuma begani. Nikautoa mkono nje ya pazia, una hina bado, na leso nimejifunika mpaka puani. Nikawekewa komeo kiganjani, zito na baridi. Nikasoma tarakimu moja moja. Halafu nikapewa la pili, nikasoma, na hilo ndilo lenye nambari aliyoitaja bavyaa. Nikaeleza la uzi mwekundu ni la mpya, na la uzi mweupe ni la kale.

Tajiri alikuwa wa kwanza kusema. Hakunisemesha mimi, alimsemesha bavyaa, na alisema taratibu.

"Tangu lini, fundi?"

"Tangu Ramadhani."

"Na nambari uliyonitajia?"

"Ya moyoni." Kisha bavyaa akasema, "Mzee huyu alipovuta mara ya kwanza niliisikia na mimi. Nikauamini uzi kuliko masikio yangu. Ukitaka funguo za meza, ziko mfukoni."

Sikuwahi kumsikia mtu mzima akisema vile. Mavyaa aliinamisha kichwa. Mimi nilikuwa nalia kimya, kwa kuwa nilijua hata kama kosa la nyuzi ni langu, kilichofunuliwa ni chake, na hakirudi ndani tena.

Mzee wa Kiduruma ndiye aliyeivunja ile hali. Akasema kwamba yeye pia miaka mitatu sasa hamwoni nyati akiwa kichakani, amsikia tu, na bwana bado amtanguliza mbele. Tajiri akamtazama. Akamuuliza kwa nini hakumwambia. Mzee akajibu, "Hukuniuliza, bwana. Nyati ulikuwa wampata."

Tajiri akacheka, kicheko kidogo cha puani. Akasema basi ameajiri vipofu wawili, na yeye mwenyewe wa tatu. Akayarudisha makomeo mahali pake kwa mkono wake, akaziweka bunduki zote mbili mapajani mwa bavyaa, akamwambia, "Sasa niambie ipi. Nilikuja kwa hilo."

Bavyaa alifumba macho. Alizichezesha zote mbili, ya kale ikapita kama ulimi kweli, hata mimi niliisikia tofauti. Mwisho akamwambia achukue mpya. Ya kale ni bora, akasema, kwa mtu aliyeizoea, na mkono wa tajiri haukuizoea, huwa avuta kifyatuo mara moja akidhani kimekwisha, ndiyo maana nyati wa mwaka jana alijeruhiwa akakimbia. Aliyeizoea ni huyu mzee, na leseni si yake wala hapewi. Mbao za mpya atazichonga yeye mwenyewe zisiuguse mtutu, kazi hiyo ni ya vidole.

Ilikuwa jawabu la kumuumiza rafiki, na alilitoa. Mzee wa Kiduruma aliomba kitambaa na mafuta, aifunge ile ya kale vizuri kabla haijapelekwa kuuzwa. Tulimpa kitambaa kipya.

Meza ya ufundi bavyaa alikaa nayo mpaka alipofariki, miaka mingi baadaye. Sharti la tajiri lilikuwa moja, na alilisema akiwa amekwisha kuvaa viatu mlangoni: nambari asomewe na yule mtoto wa nyuma ya pazia, kila magharibi na kila asubuhi. Nilizisoma. Mwanzo mkono tu ukitoka nje, mwaka wa pili pazia likawa halishushwi tena, na nyuzi hatukuzitumia. Mkiniuliza skuli yangu ilikuwa wapi, ilikuwa kwenye kikapu kile.

Mavyaa mpaka kufa kwake alisema uzi mwekundu ulikuwa wa mpya tangu mwanzo, na kwamba mimi sikukosea, ni bavyaa aliyesahau. Nadhani alisema hivyo kunihurumia, lakini sina hakika. Kama yuko mjukuu wa tajiri au wa yule mzee aliyesikia kwao vyengine, aje aniambie. Niko nyumba ile ile, na mlango hatuufungi mpaka isha.