Gari Lililongoja Mvua

Kaka yangu aliponunua gari bovu la Kimarekani kutoka kwenye ghala la mkulima mmoja, miaka ile ya elfu mbili na kitu, nilimwambia wazi kwamba amechanganyikiwa. Mrundi mzima, ametoka kambi ya wakimbizi na begi moja, anakuja Sweden kukusanya kutu. Akacheka tu. Kiwandani Södertälje alikuwa akiunganisha malori ambayo hakuyaona tena. Hili, alisema, atalijua hadi skrubu ya mwisho.

Lilikuwa la milango miwili, pua ndefu, injini ya silinda nane, na sakafu imeliwa na kutu hadi unaona chini. Tukakodi nafasi kwenye gereji Jakobsberg. Jumamosi zetu ziliishia humo kwa miaka, yeye akichomelea mabati, mimi nikipiga msasa mpaka vidole vinakufa ganzi. Kabureta tuliyoisubiri kutoka Marekani ilipofika ilikuwa ya gari jingine, tukaanza kusubiri upya. Wifi yangu, yaani mke wake, hakukanyaga kule hata siku moja. Aliliita gari lile mke mwenza, nusu utani, nusu kweli.

Kisha saratani ikamshika kaka. Gari liliponguruma mara ya kwanza ilikuwa majira ya baridi, naye amelazwa hospitali Flemingsberg. Nilitaka kitu kimoja tu, apande walau mara moja. Lakini huku wakati wa barafu barabara humwagiwa chumvi, na chumvi hula chuma. Wenye magari ya zamani huyafungia ndani mpaka mvua za masika zioshe lami. Kaka alikuwa ameishika desturi hiyo kama dini.

Asubuhi moja nililitoa bila kumwuliza, nikaliendesha hadi hospitali. Nikamshusha kwa kiti cha magurudumu, blanketi magotini. Aliliona akatabasamu, akaweka kiganja juu ya boneti. Halafu akainama, akapitisha kidole nyuma ya gurudumu. Kikatoka cheupe.

"Umelipitisha kwenye chumvi?"

"Kaka, panda. Tunazunguka hapo tu."

"Hapana. Saa hii inakula chuma. Enda uoshe chini yote, na maji ya moto. Mvua ikishanyesha tutatembea nalo."

"Na kama..."

"Tutatembea, mdogo wangu."

Nilimrudisha wodini. Nikaenda kuliosha nikilia kwa hasira, nikilichukia kila kipande, hata vile nilivyovisugua kwa mikono yangu.

Alifariki barafu ikiwa bado barabarani. Tukamzika, watu wakaja nyumbani kuimba na kuomba, wakaondoka. Ndipo mvua ikanyesha, juma zima, lami ikabaki nyeusi, safi kabisa.

Wifi akanipigia simu, akaniomba nipeleke gari kwake. Alipanda mbele na nguo zake za msiba. Tulienda polepole. Kwenye taa, Msweden mmoja akatuinulia dole gumba. Wifi alishika dashibodi, akafungua kisanduku cha mbele yake, akakifunga. Alitazama kila kitu, muda mrefu, kama anayetafuta ndani yake zile Jumamosi zote.

"Wifi," alisema, "kumbe ni gari tu."

Nikamjibu ndiyo, ni gari tu. Nikaendelea kuendesha, kwa sababu sikujua pa kulisimamisha.