Sahani Kavu za Klachi

Fundi cherehani alikuwa ameifungua klachi ya pikipiki ya baba mkwe wake juu ya mkeka wa sebuleni, akabadilisha sahani zake na kuifunga tena. Mzee akapanda pikipiki hapohapo sebuleni kuijaribu.

"Niache nianze mimi, baba."

"Wewe kashone suruali, mwanangu!"

Mzee alipopiga kiki, fundi akaiona chupa ya oili dirishani, haijafunguliwa. Sahani mpya alikuwa amezifunga kavu, bila kuziloweka kwanza kwenye oili. Zingeweza kugandana, pikipiki iruke na kumbwaga mzee ukutani. Aibu ilimfunga kinywa huku mguu wa mzee ukiitafuta gia.

"Baba, shuka! Sikuziloweka sahani!"

Mzee akazima injini, akashuka polepole.

"Leta spana tuanze upya," alisema, akaketi mkekani kando ya mkwewe.