Jinsi Nilivyofishwa Machimboni Kunduchi

Anayewajibika ni mtu mmoja: mtani wangu Mnyamwezi, aliyekuwa msimamizi wa kituo cha machimbo ya mawe ya Kunduchi siku ya mashindano yetu ya baiskeli. Wengine wote walifuata alichokiandika yeye.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya utawala wa Mwingereza. Sisi makarani wa Temeke na Kinondoni tulikuwa na chama cha waendesha baiskeli, nami, karani wa masjala, ndimi niliyetunga kanuni zake, pamoja na ile ya kila kituo cha njiani kuwa na msimamizi wa kuwaandika wapitaji katika daftari. Njia ilianzia Temeke, ikapita Manzese, ikapanda vilima vya Goba, ikateremkia kwenye vijiji vya wachimba mawe na matanuri ya chokaa yaliyokwisha kuachwa, kisha ikaishia Kinondoni. Mshindi wa kwanza alijulikana kabla hatujaondoka. Alikuwa tarishi, na baiskeli ndiyo iliyokuwa kazi yake. Mimi niliitaka nafasi ya pili, kwa sababu ofisini walizoea kusema kwamba kitu kizito kuliko vyote nilichowahi kusukuma ni kalamu.

Goba niliipanda kwa miguu, baiskeli begani, jambo ambalo kanuni ziliruhusu. Hapo mpinzani wangu wa karibu alikatikiwa na mnyororo. Nilifika machimboni nikiwa wa pili, nikanywa maji, nikajilaza kidogo kwenye mkeka wa kituo.

Nilizinduliwa na kilio. Nilikuwa nimefunikwa shuka jeupe hadi usoni, na wachimba mawe wamenizunguka, nyundo mikononi.

“Ameondoka mtani wangu,” aliomboleza yule msimamizi. “Mzaramo wa watu. Alikuwa anakula mlango umefungwa.”

“Mungu amsamehe,” akajibu mmoja.

“Hata mfupa wa samaki alikuwa anaufungia kabatini.”

Niliketi. Wawili wakakimbia.

“Lala, mtani,” akaniambia kwa upole. “Bado hatujafika kwenye tabia zako mbaya.”

Msomaji anajua kwamba mtani hakasirikiwi. Anayekasirika huaibisha ukoo mzima. Kwa hiyo nilimshukuru kwa maombolezo. Akadai urithi wake, kama watani wafanyavyo misibani, akafungua kiti cha baiskeli yangu na kukitia kwapani. Naungama kwamba mwezi uliotangulia, kwenye harusi yake, mimi nilikalia kiti cha bwana harusi na kukataa kuondoka mpaka nilipoletewa kuku mzima. Lakini harusi haina daftari.

Nilikwenda Kinondoni nikiwa nimesimama juu ya pedali mwendo wote. Wanawake wa njiani walinionea huruma, watoto hawakunionea. Hata hivyo nilivuka mstari nikiwa wa pili, bila mtu nyuma yangu hata kwa mbali.

Lori la mawe lilikuwa limekwisha kufikisha daftari la kituo. Mwenyekiti wetu, Mwarabu mwenye duka, mtu mzima asiyependa mzaha, alilifungua na kuvaa miwani. Mbele ya jina langu palikuwa pameandikwa: “Amefariki saa nne unusu, machimboni.”

“Shikamoo, mzee,” nilisema. “Mimi huyu hapa, nakuamkia.”

“Marahaba, mwanangu. Nakuona. Lakini kanuni inasema kilichoandikwa na msimamizi wa kituo hakibishaniwi. Nani aliyeandika kanuni hii?”

Nilikiri kwamba ni mimi.

“Basi umeandika vizuri,” akasema, na nafasi ya pili akapewa yule wa mnyororo, aliyefika jioni akiikokota baiskeli.

Mtani wangu sasa naye amestaafu, anaishi Temeke, na daftari lile analo, huwaonyesha wageni. Kwa hiyo namtaka rasmi alilete mbele ya wanachama waliosalia, alifute neno “amefariki” kwa mstari mmoja unaosomeka, atie sahihi pembeni, aniandike katika nafasi ya pili, na aeleze kwa maandishi alinifisha kwa mamlaka ya nani.