Itika kwa Sauti, Masimango

Nikisikia harufu ya uwele unaotwangwa, mate hayanitoki kama yanavyowatoka watu wengine wa Singida. Mimi hupandwa na hasira. Mnivumilie, maana hasira hii nimeirithi na sina mpango wa kuiacha.

Familia yetu inaitwa Masimango. Kwetu Ilongero mtoto huitwa kwa yaliyompata mama yake akiwa na mimba. Aliyezaliwa wakati wa taabu ni Taabu, aliyezaliwa njiani ni Safari, na wajukuu hubaki na jina hilo wasijue hata lilitoka wapi. La kwetu lilitoka kwenye debe la uwele. Mwaka mvua zilipokataa, Bibi alikuwa mjamzito, baba yangu akiwa tumboni, na mumewe alikuwa Tanga akikata mkonge. Kaka wa mumewe, tuliyemwita Babu Mkubwa, akampa debe hilo. Hapo alifanya vema. Kisha akaanza kusimulia. Alisimulia kilabuni, kisimani na mnadani: "Yule mke wa mdogo wangu, bila mimi angekula majani." Uwele uliisha, masimulizi hayakuisha.

Mtoto alipozaliwa, Babu Mkubwa alikuja na wazee wenzake, akitaka aitwe jina la baba yake, babu wa mtoto. Bibi akamwahi. "Ameshapata jina. Ni Masimango." Majina ya Kinyaturu alikuwa nayo tele, lakini alichagua la Kiswahili ili hata wachuuzi wa mnadani walielewe.

Hayo yote sikuyajua nilipoanza shule. Mwalimu aliposoma jina langu, darasa zima lilicheka. "Masimango! Umekula cha nani?" Nilirudi nyumbani kamasi zimefika kidevuni. Jioni Babu Mkubwa akaja na koti lake zito, akamkuta Bibi anapepeta uwele uani.

"Shikamoo, Babu," nikasema kwa kwikwi.

"Marahaba, mjukuu wangu." Alinifuta machozi kwa kiganja, akamgeukia Bibi. "Shemeji, mtoto anateseka. Mwalimu mkuu tunafahamiana. Kesho nitamwambia amwandike jina la baba yetu. Yaliyopita si ndwele."

Dakika ile nilimpenda Babu Mkubwa kuliko mtu yeyote duniani.

Bibi hakuacha kupepeta. Makapi yaliruka yakatua kwenye koti la mgeni, naye Bibi hakuomba radhi. "Jina hili ulilitoa wewe, shemeji. Mimi nililitamka tu. Ukitaka lifutwe, nenda kwanza kilabuni, kisimani na mnadani ukayafute uliyoyasema."

Baba, aliyekuwa ameketi mlangoni, alitazama vidole vyake vya miguu. Babu Mkubwa angesema "nisamehe," nadhani ungo ungewekwa chini na mimi ningepata jina jipya. Hakusema. Aliondoka bila kuigusa togwa aliyowekewa.

"Kesho ukiitwa," Bibi akaniambia, "itika kwa sauti."

Nilimchukia. Niliona anamwadhibu mzee yule kwa machozi yangu. Hata hivyo niliitika kwa sauti, kesho yake na miaka yote ya shule, hadi wachekaji wakachoka.

Bibi alitangulia kufa. Babu Mkubwa tulimzika mwaka jana, mzee sana, watu wamejaa mpaka barabarani. Msemaji alisifu ukarimu wake, jinsi alivyolisha watu wakati wa njaa. Kisha akaita kwenye kipaza sauti: "Familia ya Masimango, sogeeni muweke shada."

Minong'ono ikapita. Wazee waliokuwepo enzi zile wakatazamana. Wana wa marehemu wakainamisha vichwa, na mimi, Mungu anisamehe, nilisikia raha mpaka magotini. Ndipo nilipoelewa kwa nini Bibi hakukubali jina lile lifutwe. Alijua huenda asiishi hadi siku ya kumzika shemeji yake, na alitaka pawepo mtu wa kuitika jina hilo sifa zake zikisomwa.

"Tupo!" nikaitika, kwa sauti.