Timu Moja, Warithi Wanne

Nilivumilia mpaka kadi ya sita. Kaka mkubwa wa marehemu alikuwa amesimama chini ya hema, albamu imefunguliwa juu ya meza ya vinywaji, anachomoa kadi za wachezaji wa basketi moja moja na kuzipanga mafungu manne, kama mtu anayegawa nyama ya sikukuu. Kadi kumi na mbili, warithi wanne, kila mmoja tatu. Watu walikuwa wanatikisa vichwa kwa kuridhika, kwamba hapa hakuna aliyependelewa. Nikasimama, mtoto wangu mgongoni, nikasema kwa sauti ambayo mama yangu ameninunia mpaka leo: "Muzee, acha. Unapasua timu."

Ndiyo, wasomaji wangu, mpiga picha wa Bwiza ametutoka. Yule mwenye studio ya pazia la bluu, ambaye nusu ya watu wa mji huu picha zao za kitambulisho alizipiga yeye. Alikufa Alhamisi asubuhi, amekaa kwenye kiti cha wateja, anasubiri mtu wa picha ya pasipoti. Moyo, walisema. Tulimzika, na siku ile ya guca ku mazi, tunapokata kilio cha kwanza, familia ikasimama mbele ya watu kama desturi inavyotaka, kuuliza nani alikuwa na neno na marehemu. Baada ya hotuba wakaanza kugawa vitu vidogo vya ukumbusho. Saa, kofia, redio. Halafu ile albamu ya timu yetu.

"We binti, keti," kaka mtu akaniambia. "We ni nani mu familia?"

"Mi ni namba kumi na moja."

Wengine wakacheka. Jirani mmoja nyuma yangu akasema, "Uyu amekunywa nini na mutoto mugongoni?" Sikuwa nimekunywa hata Fanta. Nilikuwa nasema kweli. Sikuwa ndugu wa marehemu, wala mpangaji wake, wala mteja mkubwa. Nilikuwa ndani ya ile albamu.

Niwaeleze wale ambao hawakujua mambo yake. Zamani mtu fulani alimletea kutoka ng'ambo kadi chache za wachezaji wa basketi wa huko, zile ndogo za kutosha kiganja, picha mbele, maelezo nyuma, na sahihi ya mchezaji mwenyewe kwa kalamu. Akazitazama wiki nzima. Kisha akajiuliza kwa nini watu wa hapa wasiwe na zao. Akaanza kutengeneza. Kila msimu alichagua timu moja ya jiji, na mara nyingi alichagua ya wanawake, kwa sababu timu ya wanaume, alisema, ina wapiga picha wa kutosha. Mbele uso, nyuma jina, namba, urefu, na maneno "ya kwanza kati ya kumi na mbili", "ya pili kati ya kumi na mbili", hadi mwisho. Halafu anakuja uwanjani na kalamu yake imefungwa kwenye nailoni isilowe jasho. Hakukubali usaini kabla ya mechi. Wala studioni. Unasaini mechi ikiisha, umeshinda au umepigwa, jasho bado linatiririka. Anakufuta vidole kwa leso yake kwanza, kama nesi.

Na hakulala na seti yenye pengo. Mchezaji mmoja aliolewa Mutakura kabla hajasaini, mume akakataa mke wake kuandika jina kwenye picha iliyopigwa na mwanaume mwingine. Mpiga picha akaenda Jumapili. Akafukuzwa. Akaenda Jumapili ya pili, akafukuzwa tena. Jumapili ya tatu hakuuliza habari ya mke kabisa. Alimwambia mume, "Kaka, we uko na kichwa kizuri cha picha, nani alikuficha huku?" Akampiga picha mbele ya duka lake, akamtengenezea kadi, nyuma akaandika urefu wake na kazi yake, akamwomba asaini. Mume alisaini kwa madaha mpaka kalamu ikatoboa karatasi. Halafu yeye mwenyewe akaita ndani: "Mama, kuja usaini na we, usituchelewesheye mutu." Hadithi hii aliisimulia kila mara kwa namna ileile, na kila mara nilicheka.

Yangu haichekeshi. Nilicheza msimu mzima nikiwa bado shuleni, namba kumi na moja, mtoa pasi. Zilipobaki mechi mbili tumbo likaonekana. Klabu ikaniambia nisirudi. Baba yangu, pale kwetu Ngagara, akaniambia nisitoke. Kwa hiyo nilikuwa nyumbani, kati ya jiko na kamba ya nguo, wiki baada ya wiki, nasikia wenzangu wakipita barabarani wanadunda mpira makusudi ili nijue ni wao. Hakuna mgeni aliyeruhusiwa kuniona. Mpiga picha akabisha hodi mchana kweupe, kadi mfukoni.

Baba akamwambia, "Uyu si muchezaji tena."

"Muzee, mi niko na kumi na moja zimesainiwa. Imebaki yake tu."

"Hauone vile iko?"

"Ninaona. Lakini alicheza. Kadi haiulize habari ya tumbo, muzee."

Baba akaenda kunawa mikono, na hiyo ndiyo ilikuwa ruhusa. Nilisaini juu ya meza ya kulia, na mpiga picha akanifuta vidole vilevile ingawa havikuwa na jasho. Alivunja sheria yake ya uwanjani kwa ajili yangu. Hakutoa mawaidha. Alisema, "Sasa iko kamili," akaondoka.

Sasa mtaelewa kwa nini nilisimama kwenye kilio cha watu. Mwaka huu yalitangazwa mafunzo ya makocha wa wasichana. Ni mlango wa kwanza uliofunguka mbele yangu tangu nijifungue, na sharti lake ni klabu ithibitishe kwamba uliwahi kuichezea. Nikaenda klabuni. Katibu akafungua daftari la msimu wetu, akapitisha kidole juu mpaka chini, wachezaji kumi na mmoja. "Jina lako haliko." Nikamwambia timu ilikuwa ya kumi na wawili. "Lete ushahidi," akasema. Nikakimbilia Bwiza. Mpiga picha akakasirika kuliko mimi. "Jumamosi twende wote, na albamu yangu. Nitaifungua mbele yake, ahesabu mwenyewe." Hiyo ilikuwa Jumatano. Alhamisi akafa.

Kaka mtu hakuacha kugawa. Si mtu mbaya. Alifanya alichofundishwa: usimpe mmoja kitu cha wote, mtagombana mpaka kwa wajukuu. Ukimpa albamu nzima ndugu mmoja, watatu watasema wamedhulumiwa. Angegawa shamba hivyo, angegawa ng'ombe hivyo. Hakujua kuna vitu ambavyo ukivigawa sawasawa hakuna aliyepata chochote. Fungu moja likapanda gari kwenda Gitega jioni ileile, jingine Rumonge. Namba kumi na moja ikaangukia kwa dada yao wa Mutakura.

Nilimfuata kesho yake. Alikuwa ameiweka ndani ya Biblia. Nikaomba aniazime. Akaitoa, hakutazama uso wangu upande wa mbele, akageuza nyuma na kupitisha kidole kwenye mwandiko. "Ni mukono wake," akasema. "Mi sina kitu ingine aliandika." Akalia, nikalia na mimi, mtoto akatushangaa. Mwishoni akanipa, kwa ahadi kwamba itarudi. Nikaipeleka klabuni. Katibu akaishika kwa ncha za vidole. "Iyi ni picha. Picha kila mutu anapiga." Nikamwonyesha maneno ya nyuma. "Ya kumi na moja kati ya kumi na mbili," akasoma. "Na zingine ziko wapi?"

Niliirudisha Mutakura kama nilivyoahidi. Mafunzo yameanza bila mimi. Niko Ngagara, kati ya jiko na kamba ya nguo, palepale, isipokuwa sasa kamba ina nguo ndogo zaidi.

Nimewaza sana juu ya yule mpiga picha siku hizi, na hasira imenisaidia kuona. Watu walimwita mtu mzima mwenye akili za kitoto kwa kukusanya vikaratasi. Lakini mtu anayekamilisha seti hawezi kuchagua. Hawezi kusema huyu ananipendeza, yule ametuaibisha. Akiacha mmoja kazi yote imeharibika, kwa hiyo anamfuata hata kama amefichwa nyuma ya mume, nyuma ya baba, nyuma ya tumbo. Wenye ofisi, wenye daftari na muhuri, hawakuwa na adabu hiyo. Walitufuta kwa kalamu, halafu wakatuomba karatasi. Na mimi nilikosea pia. Nilifikiri dawa yangu iko kwenye kadi, nikamfokea mfiwa mbele ya watu wakati aliyenipunguza kwenye timu alikuwa ameketi ofisini anakunywa chai. Kaka wa marehemu nimemwomba radhi. Usiende kubembeleza kithibitisho cha maisha yako kwa yule aliyekifuta, bali umshtaki.

Kwa hiyo Jumatatu nilikwenda kwenye kamati ya ligi. Karani akasema niache barua mezani. Nikamwambia apana, uipige muhuri mbele yangu na unipe nakala. Akanitazama, akamtazama mtoto, akapiga. Niliiandika kwa Kifaransa cha shule. Kwa Kiswahili chetu inasema hivi:

"Mimi, mchezaji namba kumi na moja, nailalamikia kamati ya klabu yangu kwa kuondoa jina langu kwenye daftari la msimu ambao nilicheza mechi zote isipokuwa mbili za mwisho. Sikuacha kwa hiari. Niliambiwa nisirudi kwa sababu nilikuwa na mimba. Mimba haifuti mechi zilizokwisha kuchezwa. Naomba wenzangu kumi na mmoja waitwe, waulizwe ni nani alikuwa anawapa pasi. Naomba klabu iseme kwa maandishi nani alinifuta, siku gani, na kwa kanuni ipi. Na kama kuna wengine waliofutwa kwa sababu hiyohiyo, majina yao yarudishwe siku moja na langu."