Dirisha la Nani Kamtuma Nani

Mpaka leo mwenyekiti wa ushirika wetu wa maziwa akinisalimia njiani ninaitikia kwa sababu ya mke wake, ambaye tuliimba naye kwaya. Yeye mwenyewe sijamsamehe. Alimwita msichana wangu mwizi. Na hakulisema ofisini. Alilisema pale kwenye jukwaa la mzani, asubuhi, watu wote wakiwa na mitungi, mwanzo wa 2008, wakati neno kama hilo lingeweza kukuchomea nyumba.

Sisi tunakaa huku milimani, Mau Narok. Ngano ni ya wakubwa, viazi na maziwa ni vyetu. Msichana wangu wa mwisho alisomea kompyuta Nakuru mjini, na mwaka wa 2007 ushirika ukampa kazi ya kuandika programu ya mzani. Mkulima anaweka mtungi, karani anabonyeza namba ya mkulima, lita zinaingia zenyewe. Mimi niliacha shule darasa la tatu ili nichunge ng'ombe, kwa hivyo siku ya kwanza nilipoona maziwa yangu yameandikwa bila mtu kushika kalamu nilicheka mpaka karani akaniambia, "Mathe, songa, kuna watu nyuma."

Basi uchaguzi ukaharibika. Barabara inayopita katikati yetu ikawa mpaka wa makabila. Wa upande wa juu hawashuki, wa chini hatupandi, na jana tu tulikuwa tunaazimana majembe. Lakini ng'ombe hajui kura. Lazima akamuliwe. Wale wa juu wakakubaliana maziwa yao yote yaletwe na mzee mmoja wa mkokoteni wa punda, mtu ambaye hakuna kijana angethubutu kumgusa, maana amebebea kila nyumba kitu. Jeneza la mama mkwe wangu ni yeye alilibeba, siku ya matope, na hakutaka hata chai. Mzee akawa anapima mitungi yote kwa namba yake mwenyewe, halafu huko juu wanagawana pesa. Yalikuwa mapatano ya watu wanaoaminiana. Hakuna aliyeyapeleka kwa msichana wangu.

Mwisho wa mwezi lita za upande wa juu zikatoka kidogo sana. Za kwao tu. Sasa wewe fikiria inavyoonekana. Programu imeandikwa na msichana wa upande wa chini.

Mwenyekiti, ambaye ni wa chini kama sisi, akaona hapo ndipo atatokea msafi. Akapanda jukwaani Jumatano, mzee wa punda akiwa anasikiliza, akasema, "Huyu msichana ameifundisha kompyuta ukabila! Amewaibia ndugu zetu!"

Ndugu zetu! Mtu ambaye hajakanyaga huko juu tangu Krismasi.

Mzee wa punda alipanda na mkokoteni wake na lile neno likapanda naye. Jumamosi asubuhi nikakuta kiberiti kimewekwa juu ya nguzo ya geti letu. Kiberiti tu, kimejaa njiti. Nilijua maana yake. Kila mtu wakati huo alijua.

Jumapili sikwenda kanisani. Msichana alikaa mezani na kompyuta yake, mimi nikakaa kando namenya viazi kwa hasira mpaka nusu ya kiazi inaenda na maganda. Akafungua pale anapoandikia programu zake. Mara skrini ikagawanyika vipande vipande, kama shamba la urithi.

"Imevunjika?" nikauliza.

"Hapana, mum. Ni madirisha. Hili kubwa ndiyo programu yenyewe. Hili dogo linanionyesha lita zikibadilika. Naipeleka polepole, mstari mmoja mmoja, nione inakosea wapi. Na hapa penye alama nyekundu nimeiwekea roadblock, ikifika isimame."

"Wewe!" Nikatupa kisu kwenye sufuria. "Usiniletee roadblock ndani ya nyumba yangu!"

Maana roadblock tulizijua. Mawe, matairi, vijana wenye macho mekundu wanakuuliza unatoka wapi ili wasikie ulimi wako. Akacheka kidogo. Tangu Jumatano hakuwa amecheka.

"Na hili la chini?"

"Hili linaonyesha nani kamtuma nani. Huyu amesimama hapa kwa sababu ametumwa na huyu, na huyu ametumwa na yule wa juu yake, mpaka unafika aliyeanzisha."

Nitasema ukweli, hilo dirisha lilinitia uchungu. Vijana waliochoma maduka kule chini walikuwa wa kujulikana, wengine nimewapa maziwa wakiwa wadogo. Lakini aliyewatuma? Na aliyemtuma yule? Kompyuta ya kupimia maziwa ina dirisha la kuonyesha hayo, na nchi nzima haina. Mpaka sasa nikifikiria nashikwa na hasira.

Nikamwambia nilivyomwona mzee akipima mtungi baada ya mtungi kwa namba moja, na msichana akajifanya yeye ndiye mzee wa punda. Akaingiza mtungi wa kwanza, ishirini. Dirisha dogo likaandika ishirini. Akaingiza wa pili kwa namba ile ile, kumi na mbili. Nilingoja thelathini na mbili. Dirisha likaandika kumi na mbili. Ishirini zimefutika kama hazikukamuliwa.

Alishika kichwa. "Mum, ni mimi. Nilidhani mtu anapima mara moja kwa asubuhi. Wa pili akija na namba ile ile, anafuta wa kwanza."

"Kwa hivyo si wizi."

"Si wizi. Lakini ni kosa langu, na nitalisema."

Jumatatu asubuhi tulifika kwenye mzani, na mwenyekiti alitaka msichana aingie ofisini alisemee huko, mlango umefungwa. Nikamwambia, "Mwenyekiti, matusi uliyatoa nje. Na majibu yatatoka nje." Msichana akageuza mtungi mtupu juu chini, akaweka kompyuta juu yake, karani akaleta waya wa umeme. Mwenyekiti akachungulia madirisha, akauliza kwa dharau, "Mbona imekatwakatwa hivi, kama kitambaa cha fundi?" Hakuna aliyecheka. Akaambiwa asogee, anazuia watu.

Msichana akamwita mzee wa punda asimame mbele kabisa. "Mzee, weka mtungi wako." Ukawekwa. Dirisha likaandika. "Weka wa pili." Mzee akainama mpaka pua inakaribia skrini, akaona namba ya kwanza ikipotea.

"Kwa hivyo haikuwa inatuchagua," akasema taratibu. "Hata wewe wa chini ungeleta mara mbili, ingekumeza."

"Ingenimeza, mzee. Nilikosea, mniwie radhi." Akaandika kitu kifupi hapo hapo, akamwomba apime tena. Ishirini na moja, kisha thelathini na tano. Mzee akadai wa tatu. Akadai wa nne. Kina mama wa juu waliokuwa wamesimama ng'ambo ya barabara wakavuka, mmoja mmoja, kuja kuona namba ikipanda.

Mimi nikatoa kile kiberiti kwenye aproni yangu, nikakiweka juu ya mzani mbele ya mwenyekiti. "Hiki ni chako. Kililetwa kwangu kimakosa."

Akajifanya anatafuta simu mfukoni. Radhi hakuomba siku hiyo, na hajaomba.

Mzee wa punda ndiye aliyekichukua. Alikitazama, akakifungua, akatoa sigara nyuma ya sikio, akawasha, halafu kiberiti akakitia mfukoni mwake. "Nitaulizia mwenyewe huko juu kilitumwa na nani," akaniambia, akamgeuza punda.